Kiki (ngoma kubwa ya dramu, ya kupigwa kwa pedali) ya inchi 18 au 22 kwa chumba cha futi 12 kwa 10? (studio ndogo, Nakuru)

#1 ToaziLaNax
Habari wadau. Nina chumba nyuma ya nyumba hapa Section 58: futi 12 kwa 10, dari futi 8, kuta za mawe, sakafu ya simiti, dirisha moja nililokwisha kuliziba. Nimezoea kurekodi sauti na gitaa humo. Sasa kazi zinazokuja ni za kwaya, injili, benga, na vijana wa rap waliochoka na dramu za kubonyeza. Nataka seti moja ya dramu ikae humo humo, isitoke.

Kuna mbili zinauzwa, bei karibu sawa. Moja ni Yamaha Stage Custom Birch ya kanisa fulani, mbao zake ni birchi: kiki ya inchi 22, tomu (zile ngoma za kati) 10, 12 na 16. Nyingine ni Gretsch Catalina Club ya jamaa wa Kisumu anayehama: mahogani, kiki 18, tomu 12, tomu la chini 14.

Kinachonisumbua ni hiki. Yamaha niliisikia kanisani ikanipendeza mno. Wakaniazima, nikaifunga chumbani kwangu: kiki haina tumbo, yaani mlio wa chini, inatoa "pup" ya sanduku, na matoazi yanakata masikio. Seti ni ile ile, mpigaji ni yule yule. Kosa ni la seti, la chumba, au la nini? Maiki nilizonazo ni nne, kadi ya sauti ni Behringer UMC404HD yenye njia nne.

#2 FundiKondele
Chukua ya 18, tufunge mjadala.

Niko Kondele na chumba kisichopishana sana na chako. Nilikuwa na 22, nikaitoa, na tangu hapo sijawahi kumwomba mpigaji apunguze mkono. Ngoma kubwa inataka hewa ya kusukuma na wewe hewa huna. Ndogo inapigwa kwa nguvu za kawaida, inasema neno lake na kunyamaza kabla ukuta haujaanza kujibu. Hizo Ludwig Breakbeats zina kiki ya inchi 16 tu na watu wanarekodi nazo vizuri kabisa.

#3 PedaliMbili
Inchi 16? Hilo si ni tomu la chini lililovishwa miguu 😂

#4 MwalimuWaSauti
Salaam. Nafundisha fizikia upande wa Luanda, na kwaya ya shule inanilazimu kujua haya mambo, basi nivumilieni.

Pima chumba kwanza, halafu ndiyo utazame ngoma. Futi 12 ni mita 3.66, futi 10 ni mita 3.05, futi 8 ni mita 2.44. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Gawa 343 kwa urefu mara mbili, utapata mlio ambao kuta mbili zinazotazamana zinaupenda kuliko mingine. Kwa chumba chako: karibu 47 Hz (mitetemo kwa sekunde) kwa urefu, 56 kwa upana, 70 kutoka sakafu hadi dari. Milio hiyo itavimba mahali pamoja na kupotea mahali pengine. Ukisimama katikati kabisa ya chumba, milio hiyo mitatu ndipo inapofifia zaidi. Ukienda pembeni, inajaa.

Swali langu kwa ToaziLaNax: seti uliiweka wapi, na maiki za juu zilikuwa wapi?

#5 MamaAlto
Mwalimu, chai haijaiva na tayari umetutolea hesabu za gawanya. Mulembe lakini.

Mimi nauliza jingine. Huyo mpigaji wa kanisa, mlimwambia kwamba chumbani hapigi kusanyiko la watu mia tatu?

#6 ToaziLaNax
Mwalimu, niliiweka katikati kabisa. Nilidhani mbali na kuta ndiyo salama. Maiki mbili juu, moja ndani ya kiki, moja kwa sneya, ile ngoma ya mbele ya mpigaji yenye waya chini.

Mama, alipiga kama kawaida yake. Vijiti vyake ni vinene, 5B.

#7 MwalimuWaSauti
Basi tumeanza kuona. Seti katikati, maiki za juu katikati, na milio yote ya chini imezama hapo hapo. Isogeze kuelekea ukuta mfupi, mpigaji aupe mgongo huo ukuta, na usiiweke katikati ya kushoto na kulia. Sogeza kama hatua moja, rekodi, sikiliza, sogeza tena. Hiyo haina gharama.

Halafu dari. Maiki ikiwa mita moja juu ya sneya, ina kama sentimita 75 kufika darini. Mlio unaofika kwenye maiki moja kwa moja unafuatwa na ule uliopanda darini ukarudi, umetembea mita 1.5 zaidi, umechelewa milisekunde 4 na kitu. Hiyo miwili inagombana: inafutana pale 114 Hz, tena 343, tena 572, na kuendelea. Mia na kitu ndipo tumbo la tomu lilipo. Kwa hiyo hata ukinunua seti ya bei ya shamba, dari itakula sehemu ile ile.

#8 FundiKondele
@MwalimuWaSauti hapo kwa dari nakuunga mkono. Ila umeona hesabu yako mwenyewe? Urefu wa chumba unapenda 47, na kiki ya 22 iliyolegezwa inakaa hapo hapo 45 hadi 60. Ndiyo maana inavuruga. 18 iko juu zaidi.

#9 MwalimuWaSauti
Iko juu zaidi, ndiyo, mara nyingi 65 hadi 80. Na dari inapenda 70.

#10 PedaliMbili
😂😂 Kwa hiyo zote mbili zinagonga. Nunua bomba la maji upige hilo.

#11 MwanzaKwetu
Wakuu, nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mbona mnazunguka mbuyu? Tatizo ni mti. Birchi ni ya jukwaani, ina makali. Studio inataka mbao za mepo. Hata Yamaha wenyewe ile Recording Custom yao, jina lake tu linakuambia ni ya kurekodia, ni mepo.

#12 PastaDramu
Bwana asifiwe. Ndugu yangu wa Mwanza, Recording Custom ni birchi. Ndiyo iliyoipa birchi sifa ya studio tangu miaka ya 70, na mpiga dramu Steve Gadd ndiye aliyeitembeza dunia nzima. Watu waliipenda kwa sababu hiyo hiyo unayoiita makali: chini kuna mlio, juu kuna makali, katikati pamepungua, na muhandisi anapata kazi iliyokwisha kufanywa nusu.

#13 MwanzaKwetu
Haya mkuu, birchi. Lakini mahogani inabaki na joto kuliko zote. Hapo hamnipati.

#14 NgomaTatu
Nitawapata wote wawili.

Mimi ni wa Shinyalu, nimekulia kwenye isukuti, ngoma tatu, kubwa na ya kati na ndogo, gogo limechimbwa na ngozi ya mnyama juu. Kwetu mti una maana kwa sababu gogo ni zito na ngozi inabadilika na jua: asubuhi imelegea, unaisogeza karibu na moto, inakaza. Seti ya kiwandani ni jambo tofauti. Ganda ni mbao nyembamba zilizobandikwa, milimita chache tu, na ngozi ni plastiki ya poliesta ambayo haijui mvua wala jua. Kinachosikika kwanza ni ngozi na jinsi ilivyokazwa. Pili ni ukingo wa ganda mahali ngozi inapokalia. Tatu ni ukubwa. Mti unakuja nyuma, na chumba kimeshaupita.

Kwa hiyo ToaziLaNax, ngozi za ile Yamaha ni za lini? Za kanisa nyingi nimeziona na selotepu juu ya selotepu.

#15 ToaziLaNax
Umekuwa nyumbani kwangu? Sneya ina selotepu na kipande cha sanitari 🙈 Za chini sidhani zimewahi kubadilishwa tangu itoke dukani.

#16 NgomaTatu
Basi hujaisikia hiyo seti bado. Za chini watu wanazisahau kwa vile hazipigwi, lakini ndizo zinazoamua mlio utakaa muda gani. Weka za ply (tabaka) moja zilizopakwa rangi nyeupe juu kama unataka mlio wazi, au za ply mbili kama mpigaji ana mkono mzito. Za chini nyembamba.

Na kabla ya kutoa pesa kwa seti yoyote, ya kanisa au ya Kisumu: fungua ngozi, laza ganda juu ya meza ya kioo au sakafu ya vigae iliyonyooka kabisa, zima taa, ingiza tochi ndani. Ukiona mwanga unapenya chini ya ukingo, ganda hilo limepinda au ukingo umekatika, na halitakazika sawasawa hata uje na malaika.

#17 MamaAlto
Hii ya tochi nimeipenda. Nitamfanyia mwenye duka hapa Kakamega tuone atasema nini.

#18 FundiKondele
Atakuambia stima imepotea rudi kesho.

Lakini narudi kwa lile la matoazi, watu wamelipita. Jamaa amesema yanakata masikio. Matoazi si ya Yamaha, ni ya kanisa! Seti inauzwa kando na matoazi kando. Kanisani wanaweka mazito, mara nyingi shaba nyeupe ya bei nafuu, ili yasikike juu ya spika. Chumbani hayo ni adhabu. Tafuta membamba, ya chini kidogo, yanayozima haraka. Yale ya B20, yaani shaba na asilimia 20 ya bati, ni ghali, lakini B8 nyembamba, zenye bati asilimia 8, zinatosha ukichagua kwa sikio. Haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, ndiyo adui mkubwa kuliko yote, inaingia kwenye maiki ya sneya na hutaitoa tena.

Kama bajeti ni moja, afadhali seti ya kawaida na matoazi mazuri. Ngoma unaweza kuipa ngozi mpya ikabadilika. Toazi baya hulitengenezi na chochote.

#19 PedaliMbili
Mbona hakuna anayesema ukweli? Nunua dramu za umeme. Zile za Roland zenye ngozi ya wavu, waya mmoja wa USB kwenye kompyuta, programu ya sauti za dramu zilizorekodiwa kwenye kumbi kubwa, kazi imeisha. Chumba hakina maana tena, dari haina maana, saa sita usiku unapiga na jirani amelala. Nikiwa na mwenye nyumba wa aina ya wangu hapa Pipeline, hiyo ndiyo njia pekee.

#20 MamaAlto
Jirani halali. Ile pedali inapiga sakafu, na aliye chini anahesabu kila mpigo. Uliza mimi, mwanangu anayo.

#21 ToaziLaNax
Wateja wangu wa benga hawataki kusikia habari za waya. Walishaniambia.

#22 Jadwong_Benga
Nimesoma kimya kimya tangu juu. Vijana, mnaongea habari ya kiki kama vile inapiga peke yake.

Benga si roki. Gitaa la besi kwenye benga linatembea, halikai mahali pamoja. Na wimbo ukifika pale ambapo uimbaji unaacha na magitaa yanaingia, dramu inakuwa injini: kiki inatembea sawa, haihati inachemka, sneya inaguswa ukingoni. Kiki ikiwa na mkia mrefu hapo, besi inazama na hakuna atakayejua mpiga besi alifanya nini. Kwa hiyo mimi sijali 18 au 22, nataka fupi. 22 yenye blanketi ndani ni fupi. Na sisi hapa blanketi tunajua zinakotengenezwa, ToaziLaNax huna haja hata ya kutoka Nakuru.

Miaka ile bendi za Nyanza zilikuwa zinapanda Kericho kurekodi kwenye studio ya Chandarana. Hakuna aliyekuwa anauliza mti wa dramu. Aliulizwa mpigaji kama anajua kushika mwendo.

#23 FundiKondele
Jadwong', heshima. Lakini 22 yenye blanketi tele ndani si ndiyo ile "pup" anayoikimbia?

#24 Jadwong_Benga
Omera, blanketi moja iliyokunjwa ikigusa ngozi zote mbili kidogo. Si godoro zima.

#25 PastaDramu
Niongeze hapo kwa kiki. Ngozi ya mbele toboa tundu la sentimita 10 hadi 13, si katikati, pembeni. Ukitoboa kubwa kuliko hapo, unakuwa kama hujaweka ngozi ya mbele, na tumbo linatoroka. Maiki ikiingia ndani kabisa karibu na kigongo cha pedali unapata mlio wa kigongo kugonga ngozi, ikikaa pale tunduni unapata tumbo. Kigongo cha sufi kinatoa mlio laini, cha plastiki au mbao kinatoa mbofyo. Mambo haya matatu yatabadilisha kiki yako kuliko kutoka 22 kwenda 18.

Na lingine ambalo nashangaa halijasemwa: iache Yamaha kanisani! Umesema ilikupendeza huko. Omba siku ya katikati ya wiki, beba kompyuta na maiki, rekodi dramu huko, sauti na magitaa umalizie kwako. Ukumbi ndio uliokufanya uupende ule mlio. Hutaununua huo pamoja na seti.

#26 ToaziLaNax
Pasta, wazo zuri, lakini kanisa liko kando ya barabara. Boda, matatu, na fundi wa vyuma jirani anayekata kwa grainda mchana kutwa. Usiku kuna kesha.

#27 MamaAlto
Na ufunguo ni wa mlinzi ambaye simu yake haishiki. Tunayajua.

#28 MwanzaKwetu
Mkuu, ziba chumba na trei za mayai, kuta zote na dari. Hapa kwetu studio zote zinafanya hivyo. Sauti inakauka kabisa.

#29 MwalimuWaSauti
Hapana, hapana. Trei za mayai ni karatasi nyembamba. Zitapunguza kidogo yale ya juu kabisa, yaani matoazi yatafifia, na ya chini yatabaki vile yalivyo. Matokeo ni chumba chenye mlio wa ndani ya pipa, tena kinachoshika moto upesi. Sponji nyembamba ya kubandika ni vivyo hivyo.

Mlio wa chini unakamatwa na unene. Tengeneza fremu za mbao za kina cha sentimita 10 hadi 15, jaza pamba ya mawe (rockwool), funga kitambaa kinachopitisha pumzi. Moja kubwa ining'inie juu ya seti, iachwe na nafasi kati yake na dari. Nyingine mbili pembeni kwenye kona nyuma ya mpigaji. Pamba ya mawe ikikosekana au ikiwa ghali, sufi ya mito iliyoshindiliwa na mablanketi mazito yaliyokunjwa zinasaidia, mradi zisiwe nyembamba.

#30 FundiKondele
Kwa dari kuna njia nyingine ambayo naitumia: maiki iguse dari kabisa. Ibandike kwenye ubao darini, kapsuli, yaani kichwa chake kinachopokea sauti, iwe milimita chache tu kutoka kwa ubao. Ule mlio unaorudi unafika karibu pamoja na ule wa kwanza, kwa hiyo kule kufutana kunahamia juu sana na hukusikii.

#31 MwalimuWaSauti
Ni sahihi kwa maiki inayosikia pande zote. Hii ya upande mmoja haifanyi vizuri hivyo, na iko mbali zaidi na ngoma, chumba kinaingia kingi. Mimi ningetundika ile fremu.

#32 FundiKondele
Na mimi ningebandika. Tutaona nani atachukua tuzo 😁

#33 PastaDramu
Kwa kuwa maiki ni nne, jaribu mpango wa Glyn Johns, yule muhandisi wa Uingereza. Moja juu ikitazama sneya. Ya pili kando ya tomu la chini, juu kidogo ya ukingo wake, ikitazama haihati kupitia sneya. Zote mbili ziwe umbali sawa kutoka katikati ya sneya: chukua kamba, shika upande mmoja kwenye sneya, pima. Ya tatu kiki, ya nne sneya. Ya kando haiko karibu na dari, kwa hiyo dari ina neno kwa moja tu.

Hapa ndipo nakubali kidogo na FundiKondele: seti ndogo yenye tomu mbili inasikika kwa mpango huu bila tabu. Ile ya tomu tatu, la 10 litakuwa linanong'ona.

#34 ToaziLaNax
Si naweza kuliacha la 10 kwenye sanduku?

#35 NgomaTatu
Unaweza. Yamaha ya 22 ikiwa na 12 na 16 peke yake ni seti kamili. Mtu hajalazimishwa kufunga kila alichonunua.

#36 MwanzaKwetu
Stage Custom hawatengenezi kiki ndogo? Angepata birchi hiyo hiyo kwa ukubwa mwingine.

#37 PastaDramu
Wanatengeneza. Ipo ya kiki 18, tomu 12, la chini 14. Ila kuipata mtumba huku kwetu ni bahati.

#38 MamaAlto
Naona mmehama kutoka kwa mpigaji tena. Nimeongoza kwaya miaka na nitasema mpaka mnisikie: kwenye studio ndogo mtu akipiga matoazi kwa nguvu na ngoma kwa upole, hakuna maiki itakayookoa. Anatakiwa ageuze: ngoma mkono mzito, toazi mkono mwepesi. Vijiti vyembamba, 7A. Mwekee hedifoni asikie anachokifanya. Wengi hawajawahi kujisikia.

Na leso. Tandika leso juu ya tomu na sneya kwa nyimbo za polepole. Yule Ringo, mpiga dramu wa Beatles, alikuwa anatandika vitambaa vya jikoni.

#39 PedaliMbili
Ringo alikuwa studio za Abbey Road, London, mama. Ule ni ukumbi, si Section 58.

#40 MamaAlto
Na kitambaa kilikuwa kitambaa. Kilizima mlio wa ngoma, hakikuwa na habari na ukumbi.

#41 FundiKondele
Kwa wanaosema chumba kidogo hakifai: kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, Marekani, walianzia 1959 kwenye nyumba ya kawaida, studio ikiwa nyuma. Haikuwa ukumbi. Bendi nzima humo.

#42 PedaliMbili
Na mvua haikuwa inanyesha juu ya mabati.

#43 NgomaTatu
Hapo umegusa kidonda. Huku Kakamega kuanzia saa tisa mchana usipange kurekodi chochote cha maana. Mawingu yanatoka msituni, mvua inashuka, na maiki ya toazi inakuletea mabati tu. Dramu zinarekodiwa asubuhi.

#44 FundiKondele
Kisumu ni jioni, ziwa likishaamua. Na kabla ya mvua stima imeshakwenda. Kama huna yu-pi-esi (betri ya akiba) ya kuokoa kipindi, usimwite mpigaji.

#45 ToaziLaNax
Chumba changu kina silingi bodi chini ya mabati lakini bado inasikika. Kuna aliyejaza kitu juu yake?

#46 MwalimuWaSauti
Pamba ya mawe juu ya silingi bodi inasaidia, lakini anayepiga kelele ni bati lenyewe linalotikisika. Chochote kinacholigusa kwa chini na kulizuia kutikisika kitapunguza. Fundi apande kabla ya Machi, mvua za masika zikianza hutampata.

#47 Jadwong_Benga
Mmeanza na kiki sasa mko juu ya paa. Kijana aende wapi na pesa zake?

#48 FundiKondele
18. Na kuna sababu hamjaifikiria: inaingia nyuma ya Probox pamoja na kila kitu. Mteja wa Njoro au Molo akikuita nyumbani kwake unakwenda.

#49 NgomaTatu
22, kama tochi haipenyi. Ngozi mpya, la 10 libaki sandukuni. 18 ikihitaji kuwa kubwa haiwezi. 22 inaweza kuzibwa.

#50 PastaDramu
Yoyote, lakini nusu ya pesa iende kwa dari na matoazi. Na usifunge mlango wa kanisa.

#51 MwanzaKwetu
Mahogani 😎

#52 ToaziLaNax
Asanteni sana. Nitaisogeza Yamaha kwanza kutoka katikati kabla sijairudisha, na yule wa Kisumu nimempigia, ameniruhusu nije Jumamosi na tochi. Alidhani natania.

#53 MamaAlto
Ukipita Dunga niletee ngege. Wakubwa wawili.

#54 PedaliMbili
Na mbona hakuna aliyetaja 20?

#55 Jadwong_Benga
20 ni nzuri. Nimeipiga miaka mingi, haijanidai kitu. Lakini yeye hauziwi 20, anauziwa 18 na 22.

#56 FundiKondele
Catalina Club ziko za 20 pia. Muulize huyo jamaa kama ni 18 kweli, watu huku wanapima kwa macho.

#57 ToaziLaNax
Nitabeba futi kamba. Jingine dogo: pedali ya kanisa inalia "kwii" kila mpigo na inaingia kwenye maiki ya kiki. Mnatia mafuta gani?

#58 NgomaTatu
Ya cherehani. Tone moja kila egemeo, pangusa yanayobaki. Usitie ya kupikia.

#59 PastaDramu
Na kaza springi. Mara nyingine si mafuta, ni ndoano ya springi inayosugua.